Hadithi ya Pasaka na Waandishi Wake Wanne

Mwaka mmoja, katika juma la mwisho la muhula wa kwanza, niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha pili kazi iliyoonekana kuwa nyepesi mno. Niliwaambia wafunge vitabu vyao, kisha kila mmoja aandike kwa maneno yake mwenyewe habari za asubuhi ya Pasaka kama zilivyo katika Injili. Wakristo waliandika upesi, maana habari hizo wamezisikia kila mwaka tangu utoto. Waislamu wachache waliokuwamo darasani waliomba ruhusa waandike yale waliyoyasikia kwa wenzao, nami nikawaruhusu. Usiku ule nilipozisoma karatasi zao niliona jambo la ajabu. Karibu wote walikuwa wameieleza, kwa ufundi mwingi, ile saa yenyewe ya kufufuka: jinsi mwanga ulivyolijaza pango, jiwe likabingirika, na Yesu akatoka nje katika mavazi meupe, huku askari wakianguka kifudifudi.

Kesho yake niliwaambia wafungue vitabu, wanionyeshe aya inayoeleza kutoka huko kaburini. Walitafuta kwa Mathayo, wakaenda kwa Marko, wakapita kwa Luka, wakaishia kwa Yohana. Hawakuiona, kwa sababu haimo. Waandishi wote wanne wanasimulia kifo, wanasimulia mazishi, kisha wanasimulia asubuhi ambayo kaburi limekwisha kuwa tupu. Saa iliyo katikati wameiruka. Jambo ambalo imani yote ya Wakristo imejengwa juu yake, hakuna hata mmoja wao aliyethubutu kulichora.

Insha hii ni juu ya pengo hilo. Nataka kuonyesha kwamba si upungufu wa waandishi, bali ni nguvu yao. Na kwamba msomaji asiyeliona pengo hilo huweza kuikosea hadithi yenyewe, akawakosea na watu walio hai.

Kwanza tukumbushane kazi ya mhakiki. Mhakiki haanzi kwa kuuliza kama jambo lilitukia au halikutukia. Swali hilo ni kubwa, na kila msomaji atalijibu kwa imani yake. Mhakiki huanza kwa kuuliza: mwandishi amesema nini, ameacha nini, na kwa nini? Maswali hayo Mkristo na asiye Mkristo wanaweza kuyajibu wakiwa wameketi dawati moja. Ajuaye kuyauliza vema hatasoma kwa uvivu hata kitabu anachokiamini.

Ili tuone thamani ya kimya, yafaa kwanza tumwangalie mtu aliyekataa kunyamaza. Katika majira ya baridi ya mwaka 1886 kuingia 1887, Wafaransa waliokuwa wakifukua makaburi ya kale huko Akhmim, nchini Misri, waliona kitabu kidogo cha ngozi. Ndani yake mlikuwamo kipande cha maandiko yajulikanayo kama Injili ya Petro. Si kazi ya Petro mwenyewe; wataalamu wengi wanaona kuwa iliandikwa katika karne ya pili, nayo haikupata kuingizwa katika Biblia. Mwandishi wake alifanya kama walivyofanya wanafunzi wangu: aliieleza saa ile. Asema kwamba usiku, askari wakiwa zamu, sauti kuu ilisikika mbinguni. Watu wawili wenye kung'aa wakashuka, na jiwe likajiviringisha lenyewe. Wakatoka watu watatu, wawili wakimshika mmoja, na nyuma yao msalaba ukiwafuata. Vichwa vya wale wawili vilifika mbinguni, na kichwa cha yule wa tatu kilizipita mbingu. Kisha sauti ikauliza swali kutoka juu, na msalaba ukajibu.

Mambo hayo ni makubwa, lakini je, yanatugusa? Mimi naona hayatugusi. Mtu ambaye kichwa chake kinapita mbingu hawezi kuketi nasi kula samaki. Tena angalia ni nani waliokuwapo kuyaona: ni askari, akida wao, na wazee waliokuja kulinda. Hakuna hata mmoja kati yao aliyempenda marehemu, wala aliyelala macho akimlilia. Mwandishi amepata tamasha akapoteza hadithi, maana tamasha huhitaji watazamaji tu, bali hadithi ya kufa na kuishi huhitaji mtu aliyefiwa.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Turudi sasa kwa Marko, ambaye wataalamu wengi humhesabu kuwa wa kwanza kuandika kati ya wanne wale, mnamo mwaka 70 hivi. Masimulizi yake ya asubuhi ile ni aya nane tu. Wanawake watatu, Mariamu Magdalene, Mariamu mama yake Yakobo, na Salome, wanakwenda kaburini jua likichomoza, nao wamenunua manukato. Tazama shughuli yao: wamekwenda kuupaka mwili uliozikwa kwa haraka kabla ya Sabato. Hawakwenda kungoja ufufuo. Walikwenda kumaliza kazi ya msiba, kazi ambayo katika kila kijiji huwaangukia wale wasiochoka upesi. Na neno linalowashughulisha njiani ni dogo na la kweli kabisa: ni nani atakayewasukumia lile jiwe? Mwandishi wa tamasha asingalikumbuka swali hilo. Marko amelikumbuka, nasi tunauhisi uzito wa jiwe kabla hatujaliona.

Wanafika, na jiwe limekwisha kuondolewa. Ndani wanamwona kijana mwenye vazi jeupe ameketi upande wa kuume. Anawapa habari kwa maneno machache: yule waliyemtafuta amefufuka, hayupo hapo; waende wakawaambie wanafunzi wake, na Petro, kwamba anawatangulia kwenda Galilaya.

Mambo mawili hapa yanastahili kutuzuia kidogo. La kwanza ni neno lenyewe. Kiswahili kimetupa neno kufufuka, ambalo masikioni mwetu ni neno la makaburi na la ibada. Kigiriki alichokiandika Marko kina kitenzi cha kila siku, kitumikacho kwa mtu aliyeamshwa usingizini au kuinuliwa kitandani. Kitenzi hicho hicho Marko amekitumia mwanzoni mwa kitabu chake, pale Yesu alipomshika mkono mkwewe Simoni aliyelala na homa, akamwinua. Kwa hiyo tumaini kubwa kuliko yote limetajwa kwa neno la nyumbani, neno la mama anayemwamsha mtoto alfajiri.

La pili ni jina la Petro. Kwa nini atajwe peke yake, ilhali yeye ni mmoja wa wanafunzi? Msomaji aliyesoma kwa makini anakumbuka kwamba tulipomwona Petro mara ya mwisho alikuwa uani akilia, baada ya kumkana bwana wake mara tatu kabla jogoo hajawika mara ya pili. Mtu wa namna hiyo angaliweza kudhani kwamba hesabu yake imefungwa. Kwa neno moja Marko ameonyesha kwamba ushindi juu ya mauti si ushindi juu ya kaburi tu. Ni pia kumrudisha nyumbani aliyeanguka. Hakuhubiri juu ya jambo hilo. Ametaja jina, akapita.

Kisha unakuja mwisho, nao umewasumbua wasomaji tangu zamani. Wanawake wale wanakimbia kutoka kaburini wakitetemeka, hawamwambii mtu neno lo lote, na sababu inayotolewa ni hofu. Basi. Katika hati mbili kuu za Kigiriki za karne ya nne, moja iliyotoka katika monasteri ya Mtakatifu Katerina huko Sinai na nyingine iliyomo Vatikano, Injili ya Marko inakoma hapo hapo. Aya 12 zinazofuata katika Biblia zetu, wataalamu wengi wamekubaliana kwamba ziliongezwa baadaye na mkono mwingine. Hata bila kuziona hati hizo, msomaji mwangalifu angaliweza kushuku. Nyongeza hiyo inamweleza Mariamu Magdalene ni nani, kana kwamba hatukuwa naye aya chache zilizotangulia. Kisha inapita mbio juu ya mambo mengi kama mtu anayesoma orodha. Aliyeiandika alikuwa na nia njema: alitaka kutuliza moyo wa msomaji. Lakini mwenye kutuliza upesi mno huharibu.

Wako wasemao kwamba ukurasa wa mwisho wa Marko ulipotea. Huenda. Lakini mimi naona mwisho huo wa hofu unaifaa kazi yake. Tukijiuliza kidogo tutatambua kwamba wanawake wale hawakunyamaza siku zote, maana lau wangalinyamaza, sisi tungalizipata wapi habari hizi? Basi Marko ametuacha katikati ya kimya chao, ujumbe tukiwa nao mikononi, ili tujiulize sisi tungalifanya nini. Na ujumbe wenyewe unaelekeza Galilaya, mahali ambapo Yesu alianza kuhubiri na kuwaita wanafunzi. Mwisho wa kitabu unamrudisha msomaji kwenye ukurasa wa kwanza.

Mathayo amechukua njia nyingine. Ameleta tetemeko la nchi na malaika ambaye sura yake ni kama umeme. Ameleta na walinzi, ambao baadaye wanapewa fedha ili waseme mwili uliibwa usiku. Yeye ndiye aliyekaribia tamasha kuliko wenzake. Na bado, malaika anapoliondoa jiwe, aliyetafutwa amekwisha kuondoka. Kwa upande wa usanii, naona sehemu ya walinzi ni dhaifu, maana mwandishi amegeuka kidogo kuwa wakili anayejibu mashtaka ya watu wa siku zake. Tunaelewa kwa nini amefanya hivyo, lakini hatusongi moyoni.

Luka ndiye fundi wa masimulizi. Anasema waziwazi kwamba wanawake walipoleta habari, mitume waliyaona maneno yao kuwa upuuzi. Hilo si jambo ambalo mtu angalilibuni ili kuwapamba viongozi wake. Tukumbuke pia kwamba Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ile ile ya kwanza, aliandika kwamba ushahidi wa wanawake haukubaliwi. Mtu aliyetaka kuwavuta watu kwa hila angalitafuta mashahidi wa cheo. Injili zote nne zimewaweka wanawake mbele.

Kisha Luka anatupa safari ya Emau, ambayo kwa maoni yangu ni miongoni mwa masimulizi bora ya ulimwengu. Wanafunzi wawili, mmoja aitwaye Kleopa na mwingine asiyetajwa jina, wanakwenda kijiji kilicho mbali na Yerusalemu kama maili saba, yaani kilometa 11 hivi. Mgeni anafuatana nao na kuwauliza wanazungumza nini. Wanasimama, nyuso zao zimekunjamana kwa huzuni. Wanamweleza yote, na wanapofika kwenye tumaini lao wanalitaja kwa wakati uliopita. Aliyewahi kufiwa anaijua sarufi hiyo. Mtu mwenye tumaini husema atatumaini au anatumaini. Aliyezika husema alikuwa akitumaini.

Jioni inaingia, mgeni anajifanya kama anataka kuendelea mbele, nao wanamsihi alale kwao. Sisi wenye methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone, hatuhitaji mfasiri wa jambo hili. Wanamkaribisha mezani, anautwaa mkate, anabariki, anaumega, wanamtambua, naye haonekani tena. Tazama kipimo cha Luka: furaha ya kumwona imepewa sentensi moja, na njia yenye huzuni imepewa aya nyingi. Hata hivyo sentensi ile moja yatosha kuwainua watu wawili waliochoka, wakarudi usiku ule ule maili saba walizokuja. Mwandishi hasemi kwamba mauti imeshindwa. Ameonyesha miguu yao.

Yohana, aliye wa mwisho, amempa Mariamu Magdalene asubuhi nzima. Mariamu amesimama nje ya kaburi analia. Anaulizwa mara mbili kwa nini analia, kwanza na malaika, kisha na mtu anayemdhania kuwa mtunza bustani. Msomaji amekwisha kumjua mtu huyo ni nani, naye Mariamu bado. Ndipo tunapotamani kumpigia kelele kupitia ukurasani. Hatambui kwa uso wala kwa hoja. Anatambua anapoitwa kwa jina lake. Neno moja tu, jina la mtu, limefanya kazi ambayo vichwa virefu vya Injili ya Petro havikuweza.

Hapa sina budi kusimulia jambo lililonifanya niandike insha hii. Miaka michache iliyopita, katika juma la Pasaka lenyewe, nilihudhuria maziko ya kijana mmoja. Mama yake alipoanza kulia kando ya kaburi, mmoja wa wasemaji alimkemea mbele ya watu, akisema kwamba machozi ni ukosefu wa imani, na hasa siku hizo ambazo ulimwengu unashangilia ushindi juu ya mauti. Mama yule alijifunika uso kwa kanga, akanyamaza. Niliporudi nyumbani nilikifungua kitabu kwa Yohana, nikasoma polepole. Mariamu hakukemewa. Aliulizwa sababu ya machozi yake, na anayeuliza sababu yuko tayari kusikiliza. Na kabla ya hapo, katika kitabu hicho hicho, Yesu mwenyewe analia penye kaburi la rafiki yake Lazaro, ingawa muda si mrefu atamwita atoke. Msemaji yule alikuwa amesoma kama walivyosoma wanafunzi wangu: alikuwa amekwisha kulijaza pengo kwa mwanga na shangwe, hata hakuwaona watu waliosimama wakilia kwenye ukingo wake.

Yohana anaongeza neno moja zaidi, ambalo kila mwenye kuzungumza juu ya ushindi angepaswa kulitafakari. Aliyefufuka anapowatokea wanafunzi anawaonyesha mikono na ubavu wake. Alama za misumari zimo bado. Tomaso, aliyekuwa amekataa kusadiki, anaambiwa atie kidole chake. Nasi hatuambiwi kama alifanya hivyo. Mwili ulioshinda mauti haukufutiwa majeraha yake. Basi tumaini linaloelezwa na vitabu hivi si la mtu anayesema kwamba hakuumia. Ni la mtu aliyeumia, na alama zake zinatambulikana, naye yu hai.

Sharti tukiri kwamba masimulizi haya yana tofauti zao. Wanawake ni watatu kwa Marko, wawili kwa Mathayo, mmoja kwa Yohana, na kwa Luka ni watatu wanaotajwa pamoja na wengine. Mahali pengine ameonekana kijana mmoja, pengine malaika mmoja, pengine watu wawili. Paulo, ambaye waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho uliandikwa mnamo mwaka 55, kabla ya Injili zote, anatoa orodha ya walioona bila kuwataja wanawake hata kidogo. Msomaji asizifiche tofauti hizo, wala asidhani kwamba akizitaja amemaliza kazi. Aziulize. Mimi naona zinafanana na masimulizi ya watu wa mji mmoja baada ya jambo kubwa: kila mmoja ana lake alilolishika, na hakuna aliyekaa na mwenzake kulinganisha. Lakini penye jambo moja hawahitilafiani kabisa, nalo ni lile pengo. Wote wanne wanafika mlangoni pa saa ile, na wote wanne wananyamaza.

Nikiulizwa ni nani aliyeandika vema zaidi, nitasema Marko kwa ujasiri, Luka kwa ufundi, na Yohana kwa upole. Nikiulizwa wote wametufundisha nini juu ya kuandika, nitasema kwamba jambo kubwa mno kulieleza huonyeshwa kwa nyuso za wale waliokuwa karibu nalo: swali juu ya jiwe, mkate uliomegwa, jina lililotajwa bustanini.

Wanafunzi wangu niliwarudishia karatasi zao bila kuzitia maksi, nikawaambia waandike upya. Safari hii msichana mmoja aliandika ukurasa mmoja tu, juu ya wanawake watatu njiani na manukato yao, akaishia pale walipoinua macho wakaona jiwe limeondolewa. Nilimpa alama ya juu darasani.

Kama mama yule wa mazikoni angenijia leo, nisingemwambia anyamaze. Ningemwonyesha kwamba asubuhi ya Pasaka katika vitabu vyote vinne inaanza na mtu aendaye kaburini, na kwamba kwa Yohana mtu huyo alikuwa akilia, wala hakuna aliyemfukuza.